Kikapu Alichokalia Cucu

Watu wa Gatitu, mnanijua. Mimi ni Magdaline, yule mwalimu wa vikundi vya akina mama ambaye mnasema ana mdomo. Ni kweli ninao, na leo nitautumia. Nataka kuwasimulia yaliyoipata nyumba moja hapa kwetu. Wenyewe wameniruhusu, tena mwenye nyumba akaongeza kwamba nisimpunguzie makosa yake. Sitampunguzia. Yangu nayo nitayataja, kwa sababu nami nilitia mkono katika jambo hili.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwaka wa sabini na tatu, kahawa imeiva mpaka matawi yanainama. Hebu ingieni pamoja nami katika nyumba ya Mutahi seremala, jua likiwa linazama. Mkewe, Murugi, ndiyo kwanza arudi kutoka kiwandani, alikopeleka kahawa aliyochuma tangu asubuhi, akapanga foleni hadi miguu ikamwuma. Watoto wao wawili wameshanawa miguu na kuketi kwenye benchi. Mkubwa ni Kagure, msichana wa miaka kumi. Mdogo ni Ngatia, wa miaka mitano, ambaye hawezi kutulia akisikia harufu ya chakula. Mezani pana mkate wa duka.

Murugi anafungua kamba ya kikapu kikubwa kilichoko pembeni, anaondoa mto uliofunika juu, anatoa sufuria. Akiinua kifuniko, mvuke unajaa chumba chote. Ndani yake mna nyama ya shingo ya ng'ombe, ile ngumu ambayo wengi wenu huipita kwa mwenye bucha mkiangalia pembeni. Imepikwa na vitunguu, nyanya, karoti na bizari kidogo, nayo imelainika hata ukiigusa kwa uma inaachana yenyewe. Murugi anakata mkate vipande vinene, anatia nyama katikati, anamwagia mchuzi kidogo juu. Kipande cha kwanza, chenye nyama nyingi kuliko vyote, anakiweka kwenye sahani ya peke yake na kukifunika. Kisha wanasali, wanakula, na Ngatia analamba vidole mpaka kwenye kiwiko.

Mnaona nyumba ilivyokuwa na amani? Sasa niwaambie kasoro iliyokuwa imejificha ndani ya amani hiyo.

Kile kikapu nilikifundisha mimi. Katika mafunzo yetu tulionyeshwa kwamba sufuria ikichemka nusu saa motoni, ukaifunika vizuri na kuizika ndani ya kikapu kilichojazwa manyoya ya kondoo, joto linakosa pa kutokea. Litaendelea kupika lenyewe hadi jioni, wala huhitaji ukuni hata mmoja. Manyoya tulinunua kwa mzee Garad, mfanyabiashara wa mifugo kule Nanyuki, ambaye alicheka sana alipoambiwa ni ya kupikia. Vikapu tulisuka wenyewe. Murugi alikuwa mwanafunzi wangu hodari. Kabla ya hapo, msimu wa kahawa ulikuwa mateso kwake. Alifika nyumbani amechoka, aanze kuwasha moto, na watoto wanalala juu ya meza kabla ya githeri, yale mahindi na maharagwe, kuiva.

Kosa langu ni hili. Nilipotaja kikapu mara ya kwanza mbele ya wanaume, kwenye mkutano wa chama cha kahawa, walinicheka. Mmoja aliuliza kama kikapu hicho kinaweza pia kulima. Nikakasirika. Nikawaambia akina mama, "Msiwaambie kitu. Waacheni wale kwanza, watauliza wenyewe." Niliona nimesema jambo la busara sana.

Mutahi hakuuliza, kwa sababu Mutahi hakula nyumbani. Kila jioni, akifunga karakana yake mjini Nyeri, alipitia bucha ya Gatimu pamoja na rafiki zake. Pale nyama ilichomwa, ikakatwa juu ya ubao, chumvi ikamwagwa pembeni, hadithi zikaanza. Alifika nyumbani ameshiba, anawapata watoto wamelala, anavua viatu, naye analala. Hakuwa mlevi wala mpigaji. Alikuwa mtu mcheshi anayependwa na kila mtu, hasa na watu wasiokaa naye nyumba moja. Sahani iliyofunikwa ilimngoja pale mezani kila jioni, na hakuinua kifuniko hata siku moja. Asubuhi Murugi alimpa Kagure kile kipande apeleke shule.

Siku moja, pale buchani, rafiki yake Wamae alimtania. Shamba la Wamae linapakana na la Mutahi, na ninyi mnajua tulivyo sisi watu wa milimani: tunausoma moshi wa jirani kama wengine wanavyosoma gazeti. Tunajua nani ameamka, nani ana mgeni, nani amelala njaa.

"Mutahi," Wamae akasema, "kwako siku hizi hakuna moshi. Asubuhi kidogo tu, halafu kwisha. Lakini jioni naona kijana yako na mkate ya nyama mkononi, moto kabisa. Nani anakupikia watoto?"

Wenzake wakacheka, Mutahi naye akacheka. Lakini neno lile lilimwingia, likakaa. Mtu anayekula kwingine kila siku hujua vizuri sana kwamba inawezekana kula kwingine.

Alhamisi iliyofuata hakupitia buchani. Alifika nyumbani kukiwa bado na mwanga, wakati Murugi anakata mkate. Ngatia alimkimbilia akamshika mguu. Kagure akasema kwa furaha, "Baba amekuja mapema." Mutahi alimbandua Ngatia mguuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha jiko, akachuchumaa, akatia mkono ndani ya jivu. Lilikuwa baridi. Akarudi na vidole vyeupe.

"Nani amepika hii nyama?"

"Mimi," Murugi akasema.

"Moto iko wapi?"

"Nilizima asubuhi. Imeivia kwa kikapu. Kikapu ndiyo hii."

"Mama Kagure, mimi nimekuwa mtoto? Ati kikapu?"

"Gusa uone. Ndani bado iko na joto."

Hakugusa. Macho yake yalikuwa yameangukia ile sahani iliyofunikwa. Akafunua, akaona mkate uliojaa nyama kuliko wa watu wote.

"Na hii nzuri, ni ya nani?"

"Ni yako, baba," Kagure akamjibu.

"Yangu? Mimi nakula hapa lini?"

Wasomaji wangu, rudini mkasome tena maneno hayo. Mwanamume amesimama katika nyumba yake, na ushahidi anaoutoa ni kwamba yeye huwa hali humo. Na hakusikia alichokisema. Alisikia tu sauti ya Wamae.

Murugi alikuwa amechuma kahawa tangu alfajiri. Labda angekuwa amepumzika, angecheka. Lakini alikuwa amechoka na aliumia moyoni, akajibu kwa ukali, "Kama hujui unakula wapi, usiniulize napika na nini."

"Basi kesho uende kwenu," Mutahi akasema. "Ukae huko mpaka ukumbuke jina ya mtu anakuletea chakula."

Asubuhi Murugi akafunga nguo chache, akapanda basi la kwenda Wang'uru, kwa baba yake anayelima mpunga. Watoto walibaki, kama ilivyo desturi yetu. Ngatia alilia mpaka sauti ikakauka. Kikapu alikiacha pale pembeni, akamwambia Kagure akitunze.

Mimi wakati huo nilikuwa Karatina kwa mafunzo ya wiki tatu. Sikujua lolote.

Mutahi alimwita mama yake kutoka ng'ambo ya mto aje kukaa na watoto. Sote tunamwita Cucu, yaani bibi. Jina lake ni Kagure, na yule msichana aliitwa kwa jina lake, kama tunavyofanya. Ndiyo sababu Mutahi humwita bintiye "mama", tena kwa upole, kwa kuwa kwake huyo ni mama yake aliyezaliwa mara ya pili. Cucu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Murugi. Lakini alikuwa amepika kwa kuni miaka sitini, na habari ya chakula kuiva bila moto ilimkaa kooni.

"Hata mimi nashindwa kumtetea," alimwambia mjukuu wake. "Mama yako angesema uongo ingine, mimi ningejaribu kuamini."

Kagure mdogo akaona kuna njia moja tu. Jumamosi ya wiki ya pili aliamka mapema, akapika nyama kama alivyofundishwa na mama yake, akaichemsha nusu saa kamili, akaizika ndani ya kikapu. Akawaambia baba yake na Cucu, "Jioni mtaona." Kisha akaenda mtoni kufua nguo za mdogo wake. Moyo wake ulikuwa mwepesi, kwa kuwa alijua jioni mambo yataisha na mama atarudi.

Ole wetu. Saa tatu Cucu alifungua kikapu aone. Akainua kifuniko, akanusa, akatingisha kichwa, akafunika. Saa nne akafungua tena, akagusa nyama kwa kidole. Mutahi alitoka kazini mchana, akafungua, akakoroga kwa kijiko, akaacha wazi huku akimweleza mama yake jinsi jambo hili lisivyowezekana. Saa tisa Cucu akafungua ili amhakikishie mwanawe kwamba kweli haliwezekani. Jioni Kagure alipotoa sufuria, mchuzi ulikuwa vuguvugu na nyama ngumu kama alivyoinunua. Ngatia alitafuna kipande kimoja mpaka akakata tamaa, akakitema.

"Nimejionea na macho yangu," Mutahi akasema. Hakusema kwa ushindi. Nadhani alitamani ashindwe. Lakini alituma habari kwa wajomba wake wawili: Jumatatu, siku tisa mbele, wangefuatana kwenda Wang'uru, kuyamaliza maneno kati ya nyumba hizo mbili. Mnajua kuyamaliza maana yake nini. Murugi asingerudi tena.

Nilirudi Gatitu Jumamosi iliyofuata, siku mbili kabla ya safari hiyo. Hata mzigo sikuwa nimeufungua. Kagure alikuja akasimama mlangoni, mikono ameiweka nyuma.

"Mwalimu," akasema, "kikapu imekataa. Na mama hatarudi."

Akanieleza yote, tangu baba yake alipotia mkono jivuni mpaka kile kipande alichotema Ngatia. Nilimwuliza swali moja tu.

"Mlikifungua?"

"Mimi hapana. Ngatia anasema baba alifungua, na Cucu alifungua."

"Mara ngapi?"

Alihesabu kwa vidole, akaninyoshea vinne. Ndugu zangu, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mimi ndiye niliyesema wanaume wasiambiwe. Angeambiwa, angejua pia kwamba kikapu hakifunguliwi. Sasa mwanamke mwema anakaribia kupoteza nyumba yake kwa sababu ya hasira zangu za mkutanoni.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa kwa Mutahi nikiwa na nyama ya shingo kwenye kikapu cha mkononi. Alitoka nje amevaa shati la kanisani.

"Mwalimu, karibu. Lakini tunaenda kanisa."

"Leo huendi, na mimi siendi. Mungu anatuona hapa hapa. Ulitaka kujua nani anapikia watoto wako?"

Akakitazama kikapu changu.

"Basi utakaa hapa tangu sasa mpaka jioni, uone mwenyewe. Ukitoka hata kidogo, utasema mtu amepita akaleta. Na mimi sitaki kusikia hiyo maneno tena."

Kagure alichemsha nyama mbele yetu sote. Saa moja na nusu aliizika kikapuni, akaweka mto juu. Nikakizungushia kamba ya katani mara tatu na kufunga fundo. Halafu nikamgeukia Cucu.

"Mama, nakuheshimu sana. Tafadhali kalia hii kikapu."

"Nikalie chakula?"

"Ukikaa juu, hakuna mtu atafungua. Hata wewe."

Midomo yake ikaanza kutetemeka kwa kicheko. Alijua nimejua. Kikapu kilikuwa imara na yeye ni mwepesi kama kuku. Akajiweka juu yake, akachukua mfuko wa kiondo aliokuwa anasuka, akaanza kazi. Moto wa jikoni tulimwagia maji. Na hapo ndipo siku ndefu ya Mutahi ilipoanza.

Sijui kama mmewahi kumwona mtu aliye mgeni katika nyumba yake. Alikaa kiti hiki, akahamia kile. Alirekebisha bawaba ya mlango, kisha ya dirisha. Alimwuliza Ngatia yuko darasa la ngapi, na mtoto akamwambia hajaanza shule. Ilipofika saa sita, Wamae akapita langoni, amevaa kofia yake ya Jumapili.

"Mutahi, twende. Gatimu amechinja."

"Leo niko kazi," Mutahi akajibu.

"Kazi gani Jumapili?"

"Nangoja chakula."

Wamae alicheka peke yake, akasubiri, akaona hafuatwi, akaenda zake. Nilimwona Mutahi akimeza mate. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yake kusikia njaa akiwa nyumbani kwake.

Saa nane akashindwa kuvumilia. "Kwani nyinyi hamsikii njaa?" aliwauliza watoto, waliokuwa wanacheza na vipande vya mbao.

"Tunasikia," Kagure akasema. "Lakini tumezoea kungoja. Zamani tulikuwa tunangoja wewe, ukuje tukule pamoja. Ngatia alikuwa analala kwa benchi. Sasa mama akasema tukule, lakini yako itoke kwanza. Hiyo nzuri ni ya baba, alikuwa anasema hivyo kila siku."

"Na hiyo yangu ilikuwa inaenda wapi?"

"Asubuhi nilikuwa napeleka shule. Wangechi na wengine walikuwa wananiomba. Nilikuwa nawaambia ni ya baba yangu, amenipatia."

Mutahi aliinama akaokota kipande cha mbao, akakigeuza, akakigeuza tena. Na mimi, pamoja na mdomo wangu wote, sikusema kitu. Cucu tu ndiye aliyezungumza, bila kuinua macho kwenye kiondo chake.

"Hii kitu iko na joto huku chini," akasema. "Inasaidia nyonga yangu."

Saa kumi nilifungua fundo. Cucu alisimama polepole, nikamshika mkono. Kagure aliondoa mto. Alipoinua kifuniko, mvuke ulimpiga usoni hata akafumba macho. Nyama ilikuwa imeiva ile ya kuachana yenyewe. Kagure akakata mkate, akajaza kipande cha kwanza, na bila kufikiri akakiweka kwenye sahani ya peke yake na kukifunika. Ni mazoea tu ya mkono. Kisha akakumbuka kwamba baba yuko, akaona haya, akamsogezea.

Lakini Mutahi hakula. Aliichukua sahani ile akampa mama yake.

Cucu hana meno, hilo mnalijua. Nyama ya bucha, hata ichomwe vipi, si yake. Kwa miaka minane alikuwa anakunywa supu na kusema imetosha. Sasa aliuma ule mkate kwa ufizi, akatulia, akauma tena. Alikula kipande chote, akafuta mchuzi kwenye sahani kwa ganda la mkate. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyaficha.

"Mutahi," akasema, "nenda ukamlete huyo msichana. Na wajomba waambie wakae kwao."

"Nitaenda kesho, mama."

"Na usiende mikono mitupu."

Jioni hiyo hiyo aliniomba nimpikie sufuria moja ya kupeleka. Nilikataa. Nilimwambia Kagure atamwelekeza kwa mdomo tu, lakini mkono uwe wake. Jumatatu alfajiri aliwasha moto mwenyewe, akatoa moshi wa kutosha kumwamsha Wamae na ukoo wake wote. Alikata vitunguu huku analia, akasema ni vitunguu. Kagure alisimama nyuma yake akimwambia, "Baba, si hivyo, kata ndogo," naye akawa anajibu, "Ndiyo, mama." Ilipochemka nusu saa aliizika kikapuni, akafunga kamba, akapanda basi la kwanza akiwa amekipakata. Nami nilifuatana naye, kwa maana nilikuwa na msamaha wangu wa kuomba.

Njiani kondakta alitaka kukiweka kikapu juu ya paa. Mutahi alikataa. Huko Sagana abiria mmoja aliuliza kama amebeba mtoto mgonjwa. Mara mbili nilimwona mkono wake unaikaribia kamba, na mara mbili aliurudisha mwenyewe.

Tulifika Wang'uru saa saba. Nyumbani kwa baba yake Murugi walikuwa wanapura mpunga, na Murugi alikuwa na makapi kwenye nywele. Alinisalimu mimi kwa mikono miwili. Lakini hakumsalimu mumewe. Mzee wao aliweka chini fimbo ya kupuria, akaketi kusikiliza, na kazi yote ikasimama.

Nilisema yangu kwanza. Nilimwambia Murugi kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kuficha, na kuficha huko ndiko kulikompa mumewe nafasi ya kufikiri mabaya. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kisha akakitazama kikapu. Hakukuwa na haja ya kumweleza ni kipi, kwa kuwa alikisuka mwenyewe. Akachuchumaa, akafungua kamba, akatia mkono chini ya mto hadi kwenye sufuria. Mkono ukaruka. Ilikuwa ya moto.

"Nani amepika hii nyama?" akauliza.

"Mimi," Mutahi akasema.

Murugi aliinuka. Akautazama ua wote, akaitazama njia tuliyokuja nayo, mpaka barabarani basi lilikotuacha.

"Moto iko wapi?"

Niliona lile swali likimwingia Mutahi mpaka mwisho wake. Alivua kofia.

"Nilizima asubuhi," akasema. "Nilizima asubuhi, Mama Kagure. Nisamehe."

Murugi aliagiza mkate, dada yake akaleta, akakata vipande vinene kama kawaida yake. Akatia nyama, akaonja kidogo kwa ncha ya kidole.

"Haina chumvi."

"Nilisahau."

"Chukua hii. Kaa hapo, ule. Nataka nikuone ukikula."

Akaketi chini, juu ya majani ya mpunga, na shati lake safi. Akala mkate ule usio na chumvi, tonge baada ya tonge, na mkewe amesimama mbele yake akimtazama. Alipomaliza alimpa kingine, naye akala. Baba yake Murugi alikohoa, akasema wageni wengine pia wana tumbo, na hapo watu wakacheka na sufuria ikazunguka.

Msidhani Murugi alirudi siku hiyo. Alisema atarudi mpunga ukiisha kupurwa, na kama kuna mtu ana haraka, fimbo zipo. Mutahi, mtu wa randa na misumari, alipura mpunga siku nne mpaka viganja vikachubuka. Ijumaa waliteremka Gatitu pamoja, wamebeba mchele na kikapu. Kagure na Ngatia waliwangoja barabarani, na Cucu alikuwa amekaa kando ya njia anasuka kiondo kingine, kikubwa kuliko kile cha kwanza.

Funzo

Ndugu zangu, nyumba hii iliponea padogo, na haikuponzwa na kikapu. Iliponzwa na mtu kuwa mgeni kwake. Baba, ukila kila siku mahali pengine, hutajua watoto wako wanakula nini, wala nani anakifanyia kazi, na siku utakapotaka kujua utauliza kwa hasira. Mzaha wa buchani utaupa uzito kuliko neno la mkeo, kwa kuwa buchani ndiko unakokaa. Sisemi usile na rafiki zako. Nasema watoto wako nao wana hadithi, na hawawezi kuzisimulia wamelala.

Akina mama, msinisikilize mimi nilivyosema kwanza. Jambo jema lisifichwe, hata likichekwa. Mwonyeshe mumeo, mweleze mpaka achoke. Bora akucheke leo kuliko akushuku kesho. Na nyinyi majirani, moshi wa watu ni wa watu. Ukikosa kuuona, bisha mlango uulize kama kuna mgonjwa, usiupeleke buchani.

Na kwa kila mmoja wetu anayepita njia hii jioni: ukifika nyumbani ukute sahani imefunikwa mezani, usiulize ni ya nani. Nawa mikono, uketi, ule.